Historia Mbichi ya Ijumaa Moja

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la majalada halikusumbui tena kifuani. Sisi hapa hatujambo. Mama ameshona sare za darasa zima na sasa anasema akifumba macho anaona vifungo. Paka wetu amezaa ndani ya sanduku la vitambaa. Baba ni mzima. Nilipomwambia kwamba nakuandikia aliacha kupiga randa, kisha akasema, "Mwandiko uwe mzuri." Nimehesabu kwamba hiyo ni salamu.

Shangazi, nina jambo. Shule yetu itatimiza miaka hamsini tarehe sita Julai, na kutatolewa kitabu. Mwalimu wa historia amegawa miaka kwa waandishi. Wastaafu waligombania miaka ya mwanzo, lakini miaka kumi ya mwisho haikupata mtu. Kila aliyeombwa alikumbuka shughuli. Mwishowe mwalimu akanigeukia mimi: "Wewe una maswali mengi. Chukua." Wenzangu walicheka, wakasema nimepewa mfupa uliomshinda fisi.

Mwalimu mwenyewe anasema historia ya kweli huanzia pale mashahidi wote wanapokuwa wamekufa. Je, ndivyo? Kama ndivyo, mimi naandika nini? Wewe unafanya kazi katika nyumba ya nyaraka, nadhani unajua watu wa zamani walifanyaje walipotaka kuandika mambo ya juzijuzi.

La pili. Katika daftari la matukio la shule nimekuta mstari mmoja wa miaka saba iliyopita: "Kumbukumbu za awali za shule zimeharibiwa na maji stoo kwa sababu ya uzembe." Basi. Hakuna neno jingine. Wewe ndiye uliyekuwa mkutubi wakati ule. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na ninachokumbuka ni karatasi zilizoanikwa uwanjani kama nguo, na wewe umeketi kwenye ngazi bila viatu. Ungeniambia zaidi?

Na la tatu, ambalo ndilo ninalolitaka kuliko yote: uje siku hiyo. Hujakanyaga kwetu tangu uhame. Chumba chako kipo.

Mimi mwanao,
Bi Maswali

27 Februari

Bi Maswali wangu,

Marahaba, mwanangu. Kifua kimetulia. Tumepewa barakoa mpya, tunafanana na madaktari, na kweli hapa ni hospitali ya karatasi. Wiki hii mgonjwa wangu ni daftari la ardhi lililonyeshewa. Kurasa zimeshikana kama mkate uliolala. Naingiza kisu cha mfupa pole pole, naachanisha ukurasa mmoja, nauweka kati ya karatasi za kunyonya maji, narudi kwa wa pili. Kwa siku nafikisha ishirini. Mwambie mama yako nami nikifumba macho naona kurasa, kwa hiyo vifungo vyake vina ndugu. Hongereni kwa vitoto vya paka.

Mwalimu wako hajakosea, ila amesema nusu. Miaka mia mbili hivi iliyopita wasomi walianza kushikilia kwamba historia hutoka katika hati, na hati nyingi hufungwa makabatini miaka mingi. Hata hapa tuna majalada yenye muhuri wa miaka thelathini. Basi wakasema mambo ya juzi tuwaachie wa magazeti. Lakini kabla yao watu waliandika mambo mabichi kabisa. Jemadari mmoja wa kale alichelewa kuuokoa mji, akafukuzwa kwao miaka ishirini. Akaitumia miaka hiyo kuandika vita vilevile, vikiwa bado vinapiganwa, akiwauliza watu wa pande zote mbili. Kosa lake mwenyewe aliliandika kwa mistari michache tu, bila kujitetea, kana kwamba anamsema mtu mwingine. Huyo namheshimu.

Wa mashariki ya mbali walikuwa na utaratibu mwingine. Karani wa mfalme aliandika kila siku, na kwa desturi mfalme mwenyewe hakutakiwa kusoma aliyoandikiwa. Wako pia waliopata hofu. Mmoja alimsifu mfalme wake katika vitabu vya kusomwa hadharani, na nyumbani akaandika kingine cha kumtukana, akakificha. Kimoja cha sebuleni, kimoja cha chini ya godoro.

Ninaowapenda zaidi ni wale waliotanguliza mnyororo: fulani amenihadithia, naye alisikia kwa fulani, aliyeona kwa macho yake. Wakikuta hadithi mbili zinazopingana hawakuchagua ile tamu. Waliziweka zote mbili, bega kwa bega, wakasema Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ukiweza, fanya hivyo. Na usiwaulize waliokaa mezani tu. Muulize na aliyefuta meza.

Historia mbichi, mwanangu, huumiza tumbo, kwa hiyo tafuna taratibu. Kuhusu ule mstari wa daftari: mstari ni mstari. Unakili, kisha uendelee na mambo makubwa. Andika madarasa mapya, andika timu ya mpira wa wavu.

Julai huku tuna kazi nyingi. Tutaona.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Vitoto vya paka vimefumbua macho. Mama amepata cherehani ya pili, na Baba ametengeneza meza yake bila msumari hata mmoja. Tumeambiwa tusiweke vikombe juu yake milele.

Nimefuata ushauri wako. Nimechukua daftari, nikagawa kila ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto naandika lililosemwa, kulia naandika nani kasema na yeye alilijuaje. Ukurasa wa timu ya mpira wa wavu umejaa na ni mtamu sana. Watu watatu wanadai kufunga pointi ya mwisho ileile. Nimewaweka bega kwa bega.

Lakini nimerudi kwenye ule mstari. Usinikasirikie. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye sasa anafuga sungura. Alinipokea vizuri, akanionyesha sungura wote kwanza. Nilipouliza habari za maji alisema:

"Binti, Jumatatu ile mkaguzi alikuwa anafika saa nne. Mimi niliandika saa tatu. Unadhani ningeandika nini?"

"Ulimuuliza nani kabla ya kuandika, Mwalimu?"

"Muda wa kuuliza ulikuwepo? Nilifungua mlango, maji vifundoni, sinki liko palepale. Mtu kaacha koki wazi. Hilo linahitaji upelelezi?"

"Basi mzembe alikuwa nani?"

"Sikumtaja mtu," akasema, huku akimpa sungura jani. "Kwa hiyo sikumkosea mtu."

Nimeyaandika hayo kushoto. Kulia nimeandika: mwalimu mkuu, kwa kukisia.

Sasa nimejua pia kwamba maji ya mji yalikatika Jumatano na kurudi Jumapili. Kwa hiyo inawezekana mtu alifungua koki Ijumaa, ikatoka hewa tu, akaondoka. Sote tunafanya hivyo. Shangazi, Ijumaa ile funguo za stoo zilikuwa kwa nani? Na ni nani walioingia?

Nilimuuliza Baba wakati wa chakula, kwa kuwa yeye ndiye fundi seremala wa shule. Alisema chumvi imezidi. Mama akasema hajatia chumvi.

Bi Maswali

31 Machi

Bi Maswali,

Marahaba. Mimi ni mzima. Daftari la ardhi nimelimaliza, sasa nina kitabu cha hospitali ya zamani.

Umeuliza mengi, nami nitajibu moja. Kulikuwa na mwandishi mmoja hodari wa kale aliyeandika enzi za watawala waliokwisha kufa, na akawachambua kama samaki. Akaahidi kwamba enzi yake mwenyewe, iliyokuwa njema na yenye uhuru, ataiweka akiba ya uzeeni. Uzee ulipofika akaandika tena ya wafu wa zamani zaidi. Ile ahadi hakuitimiza. Watu humlaumu. Mimi simlaumu. Yapo mambo ambayo mtu huyapita kwa mbali kwa kuwa wenyewe bado wanapita njiani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Andika "ziliharibiwa na maji," uweke nukta. Hilo halina uongo ndani yake.

Julai sitaweza.

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, na hukuuliza paka. Ni wazima. Mmoja tumempa jirani.

Kama nimekosea kuuliza, nisamehe. Nimefanya ulivyosema, nimeandika "ziliharibiwa na maji" na kuweka nukta. Kila nikipita pale macho yanasimama kwenye nukta.

Nangoja jibu lako.

Bi Maswali

19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita bila barua. Posta wamenizoea, yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Ninaandika hata hivyo, kwa sababu kuna jambo lililotokea na siwezi kukaa nalo peke yangu.

Jumapili nilikuwa karakana nikimsaidia Baba kupiga msasa viti vya sherehe. Mara akauliza, "Kile kitabu chenu, umeandika nini habari za stoo?"

Nikamsomea. Ziliharibiwa na maji, nukta.

Akaketi juu ya kiti ambacho bado kilikuwa kibichi kwa rangi. Hakujali. Akasema, "Andika jina langu."

Nilidhani anatania. Akaniambia kwamba Ijumaa ile alikuwa stoo tangu saa nane mchana akikaza rafu. Patasi ikawa butu, akataka kulowesha jiwe la kunolea. Akaenda kwenye sinki, akazungusha koki, hakukutoka kitu. Akatema mate juu ya jiwe, akanoa, akamaliza, akaondoka. "Jumatatu nilipoona zile karatasi uwanjani," akasema, "nilijiuliza: niliirudisha? Nimejiuliza hivyo miaka saba. Sikumbuki kuirudisha. Na shangazi yako ndiye aliyepoteza kila kitu. Miaka minane alikuwa akipanga makaratasi yale. Akaacha kazi, akahama, na mimi kaka yake nikambebea mizigo mpaka kituoni bila kufungua mdomo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mwanzoni niliogopa kupoteza kazi. Baadaye nilimwogopa yeye. Kisha ikawa imechelewa, na jambo likichelewa sana, mwanangu, kila mwaka linaongezeka uzito."

Shangazi, najua sasa kwa nini hakutumii salamu na kwa nini chumba chako anakifagia mwenyewe. Sijui nifanye nini. Nikiliandika jina lake, kitabu kitasomwa na mji mzima. Nisipoliandika, yeye mwenyewe ameniomba. Wale waandishi wako wa zamani, aliyepata kumwandika baba yake alifanyaje?

Mama ameondoa rangi kwenye suruali kwa mafuta ya taa. Tafadhali nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao

1 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kukuacha ukigombana na mtu wa posta. Barua yako ya Aprili niliiweka kwenye droo. Ya Mei niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Usiandike jina la baba yako. Si yeye. Ni mimi.

Ijumaa ile mchana, kabla hajafika, nilikuwa natia gundi jalada la daftari la wanafunzi wa kwanza. Mikono ilinata. Nikaenda kwenye sinki, nikafungua koki, ikakohoa hewa. Nikajipangusa kwa kitambaa, kaka alipofika nikamwachia funguo, nikaenda kula. Jumatatu niliposoma neno "uzembe" katika daftari la matukio sikuhitaji jina. Nililiona limeandikwa kwa wino wa wazi. Mwalimu mkuu hakuniuliza, nami nikaona ananistahi. Nikaandika barua ya kuacha kazi kabla hajabadili nia.

Kwa nini nimechagua kazi ya kukausha karatasi za watu? Sasa unajua. Kila ukurasa ninaouachanisha ni wa kule, ingawa si wa kule.

Kaka aliponibebea mizigo hakusema neno. Nilijua sababu: ananionea haya. Ndiyo maana sikurudi. Na wewe unaniambia kwamba alikuwa akijionea haya yeye.

Nilikusifia yule jemadari aliyeandika kosa lake bila kujitetea. Nilimsifu mwezi wa pili, na mwezi wa sita ndipo naanza kumfuata. Kwa hiyo andika: mkutubi aliacha koki wazi. Sitakuja kwenye sherehe, maana itakuwa si vizuri kukaa hapo watu wakisoma. Lakini mwonyeshe baba yako barua hii leo, kabla hajala.

Shangazi yako

12 Juni

Shangazi mpendwa, mpendwa sana,

Shikamoo. Leo habari za nyumbani zitangoja, hata za paka.

Nilimwonyesha Baba barua yako. Aliisoma mara mbili, akasema, "Anajisingizia ili kunilinda. Tangu utotoni ndivyo alivyo. Aliwahi kuchapwa kwa ajili ya sahani niliyoivunja mimi." Nikamwambia na wewe utasema hivyohivyo juu yake. Nikabaki na watu wawili wanaogombea koki moja, kama wale watatu wa mpira wa wavu. Nikachora mstari wa wima, nikawaweka bega kwa bega. Mkutubi, kwa kumbukumbu yake. Fundi, kwa kumbukumbu yake. Mwalimu mkuu, kwa kukisia.

Nilipoutazama ukurasa ule niliona kwamba hakuna hata mmoja wa watatu aliyeiona koki Jumatatu asubuhi. Nikakumbuka maneno yako: muulize na aliyefuta meza. Shangazi, sitaki kukukosea heshima, lakini wewe ulimuuliza?

Mama Ndoo, aliyekuwa mfagiaji wa shule, amestaafu. Anaishi nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu. Nilimkuta akichambua maharage. Nikajieleza, nikafungua daftari langu. Akacheka.

"Miaka saba," akasema. "Na aliyekuja ni mtoto."

"Bibi, koki ya stoo iliachwa wazi Ijumaa ile?"

"Iliachwa wazi, ndiyo."

Nikaandika kushoto: iliachwa wazi. Akaendelea kuchambua maharage.

"Kila Ijumaa maji yakikatika nilikuta koki zimeachwa wazi. Ya stoo, ya ofisini, ya vyoo vya walimu, zote. Nyinyi mliosoma mnafungua tu, mkikosa mnakwenda zenu. Sasa mimi, saa kumi na moja, kabla ya kwenda nyumbani, nilikuwa nazunguka shule nzima. Nafunga. Kisha kila koki naifunga kitambaa, mafundo mawili. Jumatatu nikikuta mafundo yangu najua hapajapita mkono."

"Na Jumatatu ile?"

"Niliingia mimi wa kwanza, saa kumi na mbili na nusu, na ndoo yangu. Maji yalikuwa yanatoka ukutani, nyuma ya rafu ya mwisho, yanaruka kama mtoto anayecheza. Koki ilikuwa imefungwa na kitambaa changu juu yake. Nikakimbia kufunga valvu ya nje. Mwalimu mkuu alipofika saa mbili yalikuwa yamekwisha kutulia sakafuni, yeye akaona sinki tu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kwa nani? Aliniuliza brashi kubwa iko wapi. Nikampa brashi. Hilo daftari lenu sikuwahi kulisoma, mimi nililipangusa vumbi tu. Kama ningejua kuna mtu analia kwa ajili ya koki ningemwambia siku hiyohiyo. Nilidhani shangazi yako amepata kazi kubwa mjini. Nilimsifia kwa watu."

Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akarudi na kipande kizito cha chuma alichokuwa anakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ni kona ya bomba, iliyooza kwa kutu na kupasuka upande mmoja kama ganda la karanga. Fundi bomba alipoitoa ukutani aliitupa, Mama Ndoo akaiokota. Alisema kitu kizito hakikosi kazi.

Nilikwenda pia kwa fundi bomba, maana mnyororo wa pete moja ni mfupi. Anakumbuka. Kona ilikuwa ya kutu tangu zamani, na maji yaliporudi Jumapili kwa nguvu haikuhimili. Alimwambia mwalimu mkuu, naye akajibu kwamba mkaguzi amekwisha kuondoka na daftari limekwisha kuandikwa.

Mama Ndoo amenipa ile kona, nami nimempa jiwe la mtoni badala yake. Niliileta karakana, nikaiweka mbele ya Baba. Akaigeuza. Akaingiza kidole gumba ndani ya ufa. Nikamsomea ukurasa wote, kushoto na kulia. Alikwenda akasimama mlangoni ameipa karakana mgongo, na mabega yake yakashuka, yakashuka, kama mtu aliyetua gunia. Kisha akauliza kama kuna chai. Alikunywa vikombe vitatu, na cha tatu akakiweka juu ya meza ya Mama ambayo hairuhusiwi vikombe.

Mwalimu wa historia amesoma nilichoandika. Ameuliza maswali kumi na moja, nikajibu kumi. Ukurasa unaanza hivi: "Daftari la matukio linasema uzembe. Mama Ndoo, aliyefunga koki Ijumaa na kuikuta imefungwa Jumatatu, anasema bomba lilipasuka ukutani. Fundi aliyelitengeneza anasema hivyohivyo." Habari zote mbili, ya daftari na ya mashahidi, ziko bega kwa bega. Sikumtaja mkutubi wala seremala, kwa sababu hawana la kuandikiwa. Mwalimu amekubali. Pia amesema hataki tena kusikia mtu akimwambia mashahidi wafe kwanza, kana kwamba si yeye aliyesema.

Baba anataka kuongeza kitu hapa chini. Nimemwachia nafasi.

Mwanao, Bi Maswali

*Mdogo wangu. Mlango wa chumba chako bado unakwama. Nitaupiga randa kabla hujafika. Njoo. Kaka yako.*

(Ameandika kwa penseli yake ya useremala, ndiyo maana imekuwa nene.)

23 Juni

Bi Maswali wangu,

Marahaba, marahaba. Paka hawajambo? Sasa nauliza kwa dhati. Nataka mmoja.

Umeniuliza kama nilimuuliza Mama Ndoo. Sikumuuliza. Miaka minane aliingia stoo kila jioni nikiwa mezani, akaniambia "inua miguu," nikainua. Nilijua majina ya wanafunzi wa kwanza wote mia moja na kumi, na la kwake la kuzaliwa silijui mpaka leo. Hilo ndilo kosa langu, na hilo nitamwambia mwenyewe, mlangoni kwake. Nitamletea kitu kizito zaidi ya jiwe.

Nimefikiri sana juu ya wale waandishi wangu. Waliongoja kila mtu afe walipata utulivu, siwanyimi haki yao. Lakini ukweli wakishaupata hawakuwa na wa kumpelekea. Karne iliyopita, baada ya vita vikubwa, wapo wasomi walioona hivyo. Wakaacha kungoja makabati, wakachukua vinasa sauti wakaenda kukaa na watu wa kawaida majikoni mwao. Wenzao waliwacheka. Nami niliwacheka kidogo wakati nikisoma. Mwombe mwalimu wako akuruhusu uendelee baada ya kitabu hiki.

Nitawasili tarehe nne, basi la mchana. Mwambie kaka asiupige randa sana ule mlango. Uwe unakwama kidogo, nijue nimefika kwetu.

Tangu nihamie huku, nikitoka chumbani asubuhi narudi kuangalia koki. Nafunga mlango, nashuka ngazi, napanda tena, naigusa, nashuka. Mara tatu kila siku. Majirani wa chini wanadhani nafanya mazoezi. Juzi barua yako ilinikuta kibarazani. Niliisoma, nikaiweka mkobani, nikaenda kazini. Nilikuwa nimekwisha fika, nimevaa barakoa, kisu cha mfupa mkononi na ukurasa wa kwanza nimeshauinua, ndipo nikakumbuka kwamba sikurudi hata mara moja.

Shangazi yako